Ndimu Moja Ndani ya Bakuli

Nagoya, Japani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaipokea, maana najua umeitikia kwa sauti hapo ulipokaa. Magoti yanaendeleaje? Na mto Mkondoa umetulia mwaka huu, au umeingia tena shambani? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka ndani ya soksi. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yako. Barua hii isome mwenyewe kwanza, usimpe dada Ester akusomee.

Kazi ni ileile ya kuosha magari yaliyotumika kabla hayajapakiwa melini. Hizo pikapu zinazopita Mikumi na maandishi ya Kijapani ubavuni, huenda nyingine nimezisugua mimi. Mikono imepasuka kwa sabuni na maji ya baridi, lakini nimezoea.

Nimepanga chumba kwa mjane mmoja mzee, Bibi Haruko. Yeye ndiye anayenifundisha lugha, na kitabu chetu ni katuni. Tangu ujana wake amekuwa akikata katuni za gazetini, zile za picha nne nne, na kuzibandika kwenye madaftari. Mwanzoni nilidhani anapenda kucheka tu. Kumbe hata hazichekeshi sana. Ni watu wa mtaani na maisha yao: baba anatoka kuoga kwenye bafu la mtaa na taulo shingoni, figili zimeanikwa barazani, mchuuzi anapuliza tarumbeta na akina mama wanamkimbilia na masufuria. Nikimwuliza hilo bafu liko wapi, ananionyesha dirishani mahali wanapoegesha magari. “Halipo tena” ndiyo maneno ya Kijapani niliyoyajua vizuri kabla ya mengine yote.

Jumapili iliyopita tukafika kwenye katuni ya mama anayemrudishia jirani bakuli lake. Jirani anafunua, ndani mna kibiriti. Picha ya mwisho wanainamiana, basi. Nikamwuliza kichekesho kiko wapi.

“Hakuna,” akasema. “Bakuli la mtu halikuwa linarudi tupu. Ukikosa kabisa, unatia hata kibiriti. Siku hizi jirani yangu wa ukutani hata jina simjui.” Kisha akaniuliza, “Na kwenu je?”

Mama, niliinuka. Nilikwenda chooni nikajifungia.

Unakumbuka mwaka ule mto ulipobeba mahindi yote. Jirani yetu Mama Hadija alituletea pilau ya Iddi, na wakati wa kurudisha bakuli hukuwa na kitu ila ndimu moja. Ukaiweka ndani, ukafunika na kitambaa chako cha kufuma, ukalibeba kwa mikono miwili kama limejaa. Nilikuwa nimekuja kuwasalimia, nimekaa uani, nikamwona kwenye upenyo wa ua akifunua, wala hukujua kwamba naona. Akasema, “Ahsante, mwenzangu, umenikumbuka.” Hakucheka hata kidogo.

Baadaye ikatoka ile katuni kwenye gazeti la vichekesho la Dar: mama mnene, bakuli, ndimu inaviringika peke yake. Hata maua ya kitambaa yalikuwa yaleyale. Gazeti likafika hapo kijijini Kidete kwa treni, wanawake wakacheka bombani mpaka wakamwaga maji, wakakuita Mama Ndimu. Ukasema ndimu ile aliijua Mungu na Mama Hadija tu, basi ni yeye aliyekutangaza.

Hakuwa yeye. Niliichora mimi.

Nilikuwa Mikumi nachora mabango ya nyumba za wageni, na nilitamani mno kuona mchoro wangu gazetini. Nikautuma kwa jina la uongo. Nilipokuja nyumbani nikakuta mmeshanuniana. Ukaniuliza, “Hivi mtu niliyekula naye anaweza kunifanyia hivi kweli?” Nikakujibu, “Watu wabaya, mama.” Nilisema hivyo huku nakunywa chai yako.

Naona haya kuandika haya. Ester aliniambia siku hizi Iddi inapita, Krismasi inapita, na hakuna sahani inayovuka ua kati yenu. Huku desturi zao zimekufa lakini angalau kuna bibi mwenye madaftari. Ile ya kwetu niliiua mwenyewe kwa kalamu, ili madereva wacheke wakinywa soda.

Usinisamehe haraka haraka. Nikasirikie kwanza, nastahili. Msalimie dada Ester na wanawe, na mjomba pale stesheni, na yule mama wa Kimasai anayekuletea maziwa, mwambie bado namkumbuka alivyokuwa akinizidishia kipimo.

Kuna jambo moja tu nakuomba. Siku gazeti lilipofika, bakuli la Mama Hadija lilikuwa kwako tena, lile la bluu lililobanduka ukingo. Ester anasema bado liko juu ya kabati, na umelifunika kitambaa kilekile. Mrudishie, mama. Na usilipeleke tupu. Kama huna kitu cha kutia, tia barua hii.

Mwanao aliyekukosea,
Yohana