Waya Kwenye Vali

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila tumbo linazidi kunitangulia mlangoni. Kofia uliyotuma imefika. Miwani ya shaba iliyo juu yake sawa, lakini gia tano umezibandika kwa gundi na hata mbili hazigusani! Zinaendesha nini, mawazo? Miaka ishirini na sita nimekuwa fundi wa boila kwenye kiwanda cha kufulia nguo, sijaona dharau kama hii. Hiyo stimupanki unayoiandikia kitabu ni mdudu gani?

Baba yako

20 Machi

Shikamoo baba,

Sijambo, kikohozi kimeondoka. Stimupanki ni hadithi za dunia ambayo petroli na umeme havikushika hatamu. Kila kitu kinakwenda kwa mvuke: magari, meli za angani, hata mashine za kupigia hesabu. Ni kama watu wa kale wameiota kesho yetu, wakakosea vizuri. Nakutumia sura ya mwisho. Nahodha anafunga kwa waya vali ya usalama, ile inayotoa mvuke ukizidi, ili meli ipate nguvu, na anashinda mashindano! Kitabu kinaingia mtamboni kuchapwa mwisho wa Aprili.

Binti yako

28 Machi

Wewe mtoto,

Salamu baadaye. Unajua kwa nini baba yako mdogo anashika kikombe kwa viganja? Msimamizi alifunga vali kwa waya, hivyohivyo, ili shuka za hoteli ziwahi kukauka. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Mvuke ukazidi, boila ikapasuka, mdogo wangu akaungua vidole. Msimamizi akapandishwa cheo! Nawe leo unampa mtu kama huyo kombe? Kila asubuhi, kabla hata ya salamu, fundi huinua mkono wa vali asikie mvuke ukipumua. Nahodha wako hajainua hata kidole. Mbadilishe, au jina langu litoe kwenye shukrani. Na kofia sivai.

Baba yako

17 Juni

Mwanangu,

Kimya chako kilinifanya nidhani nimekupoteza kwa mdomo wangu huu. Leo kimekuja kitabu, bila barua. Mchochea moto mwenye kitambi anakata waya mbele ya nahodha, meli inafika ya mwisho, abiria wote wazima. Kitambi umekizidisha.

Gia za ile kofia nimezibandua nikazipanga upya. Ukigusa moja, zote zinazunguka. Nimeivaa kazini, wamenicheka hadi saa ya chai.

Baba yako mdogo nimemsomea. Akasema, "Rudia pale anapokata." Nimerudia mara nne. Mara ya nne alikishika kitabu mwenyewe, kwa viganja.

Baba yako