Dubai na usipa wa mfukoni

Liuli, Jumamosi jioni

Nimeshinda, lakini sina raha. Wazee wa pande zote mbili wamekaa leo kutugawia vitu, maana mimi na Konsolata tumeachana. Kitanda na masufuria nimemwachia bila kelele. Mimi niliyekula maisha Dar na Lilongwe siwezi kugombea sufuria. Tulikwama kwa mbwa tu.

Jina la Dubai nilimpa mimi. Lakini aliyemlisha uji ni Konsolata, tangu alipokuwa mdogo wa kuenea kwenye kofia yangu.

Nikajitia ujanja. "Wazee wangu, mbwa achague mwenyewe."

"Haya, mwiteni," mjomba wa Konsolata akasema huku akicheka.

Dubai akaja kwangu mbio. Wazee wakapiga makofi. Konsolata akaniambia taratibu, "Baba Ester, usisahau kumwekea maji," akapanda bodaboda kwenda kwao Tingi.

Hakuna aliyejua kwamba mfukoni nilikuwa na usipa wa kukaanga. Samaki wadogo vile, wamenifanya mwongo mbele ya wazee.

Sasa nimemwekea sahani nzima ya usipa huohuo, lakini hataki kula. Amelala pale bodaboda ilipoondokea, na kila pikipiki ikipita anainua kichwa.

Nimewahi kumdanganya askari wa mpakani nikacheka njia nzima. Huyu mbwa sijui nimwambie nini.

Kesho nampeleka Tingi, na habari ya mfukoni nitaisema mbele ya mjomba. Konsolata atanicheka, najua. Ni muda mrefu sijamchekesha.