Wapole wa Majarubani

Namatungu, Kilwa
Jumatano

Kaka yangu Pazi,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima, meno yote kinywani na miguu bado inanifikisha kazini, kwa hiyo upande wa afya sina la kumlalamikia Mungu. Nawe je, hali yako huko Lindi? Kile kifua kimepona, au Bwana Munawar bado anakubebesha saruji ghalani kwake kama kijana wa miaka ishirini? Mwambie mdogo wako anauliza. Wifi yangu Zuwena msalimie sana, kisha mwache apumzike na mwanawe, maana yaliyomo humu nataka uyasome peke yako. Ndiyo sababu sikupiga simu. Simu yako Zuwena anaishika kuliko wewe. Barua hii nimempa Damiani kondakta, akuwekee mkononi mwako na si kwa mwingine.

Habari za mtoto nilizipata Jumatatu, kwamba ni wa kike, kazaliwa Jumapili, na mama yake salama. Hongereni. Nilipiga vigelegele uani mpaka majirani wakachungulia kujua kulikoni. Hapa kijijini ni wazima, ila chumvi bei imeshuka na mbuzi wa Bi Somoe wamekula mihogo yangu yote. Bi Somoe hajaomba radhi, na wala sikutegemea. Yule mama hajapata kuniomba radhi kwa lolote.

Umeniomba mambo mawili. Kwanza, nije huko siku ya saba, Jumamosi, nimlambishe mtoto chumvi ya kwetu kabla hajanyolewa na kupewa jina. Ni kazi ya shangazi, na wewe huna dada mwingine. Pili, nikueleze kweli Wapole ni viumbe gani na wametoka wapi, kwa sababu unasema tangu mwanao wa kwanza apelekwe majarubani, kule kwenye mashamba yetu ya chumvi, huu mwaka wa pili, chakula hakikushuki, na Zuwena naye amekuwa mtu wa kushtuka kila mtoto akinyamaza. Nimekuonea huruma kidogo. Nitaanza na hilo la pili.

Tulivyofundishwa unajua, lakini nitayarudia ili uyalinganishe na yatakayofuata. Tuliambiwa Wapole ni watu wa baharini, waliokuwapo kabla ya binadamu. Hawazai watoto wazima, kwa hiyo huja kuiba wetu kabla hawajapewa jina, na kuacha wa kwao kitandani. Tuliambiwa hawajui ladha ya chumvi, kwa kuwa wameumbwa nayo. Basi siku ya saba shangazi anachovya kidole na kumlambisha mtoto. Akilia, ni wetu, anyolewe, apewe jina, watu wale pilau. Akinyamaza na kunyonya kidole, ni Mpole, na mjomba wake anambeba siku hiyo hiyo, anamlaza jarubani kwenye maji ya bamvua, yale maji makuu ya mwezi, wenyewe waje wamchukue. Walimu wa chuo cha Kurani wamelipigia kelele jambo hili miaka yote, na sisi tumekuwa tukilimaliza asubuhi kabla hawajaitwa kusoma maulidi.

Tuliambiwa pia mtu asikanyage majarubani kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, maana huo ndio wakati wao. Nani alithubutu? Tulikuwa tukirudi alasiri tunakuta chumvi imekwanguliwa na kurundikwa mafungu meupe kando ya matuta, tunasema alhamdulillahi, tunajaza magunia. Hatukuuliza kazi ile kaifanya nani.

Mimi niliuliza. Unakumbuka mwaka ule binti yangu alipopelekwa, na Shaaban mume wangu akaniacha mwezi mmoja baadaye, akisema hawezi kulala kitanda kimoja na mwanamke aliyemnyonyesha jini. Nilikuwa sina cha kuogopa tena. Nikaenda majarubani jua la utosi, nikakaa nyuma ya kibanda cha magunia. Kaka, niliwaona. Walikuwa kumi na wanne. Ni watoto. Mkubwa wao ana kimo cha mtoto wa miaka saba, na hapo ndipo ukuaji wao unapokoma, hata mmoja awe amekaa humo miaka sitini. Hawatoki jasho, hawali, nyayo zao zimekuwa nyeupe na ngumu. Wanakwangua chumvi kwa mikono. Ukiwaambia simama wanasimama, ukiwaambia inua wanainua, na ndiyo maana wakaitwa Wapole, kwa kuwa hawajui kukataa. Watu wakirudi alasiri hujilaza topeni wasionekane, kwa kuwa hawawezi kuvuka tuta la nje. Nimemwona mmoja akijaribu, mguu unafika juu ya tuta unarudi wenyewe, kwa kuwa hana jina la kuitiwa upande wa huku.

Mmoja alikuwa mdogo, anatambaa kwenye tope, na mkono wake wa kushoto una vidole sita. Nani asiyejua kile kidole cha ukoo wa kina Shaaban? Niliziba mdomo kwa kanga nisipige ukelele. Nilikuwa nimeambiwa mwanangu kaibiwa na yule niliyemzaa si wangu, na huyu hapa, na kidole chake, anakwangua chumvi ya wazee wetu.

Nikaenda kwa Shangazi Mwanahawa, dada yake baba, Mungu amrehemu. Alikuwa keshakuwa kipofu. Nilimwambia nilichokiona, na kwamba asiponiambia kweli nitakwenda kusimama sokoni niyatangaze. Hakushtuka hata kidogo. Alisema alikuwa akinisubiri, kwa sababu siku moja nami ningekuwa shangazi wa mtu na ilikuwa lazima nifundishwe.

Alisema hakuna watu wa baharini, na hawajapata kuwapo. Zamani wazee wetu walipochimba majaruba hawakupata wafanyakazi, maana chumvi inakula miguu na watu walikuwa wanakimbia. Babu yetu mmoja akapata watoto pacha, wa pili dhaifu, na njaa ilikuwa kali. Hakutaka mkewe amwone mtoto akikata roho, akamlaza ukingoni mwa jaruba siku ya bamvua, kabla hajampa jina, akaondoka. Maji yakaja, yakakauka, chumvi ikaganda. Siku ya kumi na tano alikuta mtoto ameketi katikati ya jaruba, anakwangua. Mwaka ule walijaza magunia hawajapata kuyaona. Mwaka uliofuata babu hakungoja mtoto dhaifu.

Dada yake ndiye aliyetunga hadithi ya baharini, na ndiye aliyetunga kulambisha, kwa sababu mama hawezi kukupa mtoto wake hivi hivi, lakini atakupa kitu alichokiona kwa macho yake si cha kwake. Sasa nisikilize vizuri. Hakuna mtoto asiyelia kwa chumvi. Hajapata kuzaliwa. Wewe ulilia, mimi nililia. Wakati wa watu wa kale shangazi alikuwa akichovya kidole kwenye asali iliyochanganywa na unga mweupe. Siku hizi ni sukari ya dukani, ile laini. Ndani ya kifuko cha kitambaa nani atatofautisha? Mtoto ananyonya kidole kwa raha, watu wote chumbani wanashuhudia, na mama mwenyewe ndiye wa kwanza kumsukumia mbali. Bi Somoe, wifi yangu, ndivyo alivyomfanya wangu. Alikuwa ananipiga mabusu huku sukari iko kwenye kucha.

Umeuliza kama wanakufa. Wanayeyuka. Kila masika inawapunguza, wanakuwa wembamba, sauti inakwisha, na baada ya miaka mingi asubuhi moja hayupo. Lakini zile mvua kubwa za mwaka juzi, zilizokata barabara Somanga mkashindwa kuja mazishi ya Shangazi Mwanahawa, ziliwachukua karibu wote kwa wiki moja. Walikumbatiana chini ya tuta, nikawa nawafunika kwa maturubai na magunia, nakimbia huku na huku kama kichaa, na maji yanapita chini. Walibaki wale niliowafikia. Nilimfikia mmoja.

Binti yangu akabaki peke yake na majaruba ishirini. Mimi nilikuwa nakwenda kila adhuhuri kumsaidia, lakini alasiri naondoka, na ninapoondoka ananifuata mpaka kwenye tuta, mguu unapanda unarudi, unapanda unarudi. Halii. Hawajui kulia. Nimemwita kwa majina, kaka, ili avuke. Nimemwita majina arobaini, la mama yetu nalo nimemwita. Mtoto akishalala kwenye maji ya bamvua hana jina, halishiki jina lolote tena. Siku moja aliniuliza wenzake watarudi lini. Ndicho kitu pekee alichowahi kuniomba.

Mwezi ule ule, barabara ilipofunguka, Zuwena akaja kujifungua mtoto wa kiume hapa nyumbani kwa mama.

Unaona sasa ninakokwenda. Wazee walikuwa wameshaanza kunung'unika kwamba chumvi imepungua, na mmoja wao, anayejua, alinitupia jicho. Lakini usije ukasema Mastura alilazimishwa. Hakunilazimisha mtu. Ningeweza kuchovya kidole kwenye chumvi, mwanao angelia, mngempa jina la baba kama mlivyotaka, na leo angekuwa anakusumbua umpe shilingi mia ya ubuyu. Nilichovya kwenye sukari. Alininyonya kidole, akanitazama machoni, akacheka. Zuwena alianguka. Wewe ulisimama ukutani ukasema mila ni mila, na mjomba wake, kaka yake Zuwena aliyetoka Kipatimu, akambeba akilia njia nzima kama mwanamke.

Wewe hukulia, Pazi, ulipombeba wangu. Nilikushika miguu. Nilikwambia mtazame kidole chake, huyu ni wa Shaaban, jini atapata wapi kidole cha Shaaban? Ukanibandua mkono mmoja mmoja, ukaniambia nisiitie aibu familia. Ulikwenda, ukarudi, ukanawa miguu, ukaomba chai. Nami ndiye niliyekutilia ile chai, kwa kuwa mama alisema nisikuonyeshe hasira, umefanya kazi ngumu. Miaka tisa nimekuwa nikikuamkia na kukuuliza kifua.

Basi mwanao yupo. Ana miaka miwili, mnene, nywele kama zako. Binti yangu anambeba mgongoni siku nzima kwa kipande cha kanga yangu, anakwangua naye mgongoni. Anamwimbia nyimbo nilizomwimbia mimi. Ameanza kuzungumza sana tangu alipompata, na ninapoondoka alasiri hanifuati tena mpaka kwenye tuta. Nimeukosa ule ufuataji, lakini nimefurahi. Ukinihukumu, nihukumu ukijua hilo, kwamba nimefurahi, na nikirudishwa siku ile nitafanya vile vile.

Jana nilimwambia binti yangu kwamba mjomba wake amepata mtoto mwingine. Akaniuliza kama ni wa kike.

Sasa nakujibu ombi lako la kwanza. Ijumaa nitapanda basi la asubuhi, nitakuwa kwenu kabla ya sala ya alasiri. Nitakuja na vifuko viwili, cha chumvi na cha sukari, na sikufichi, sijui nitachovya kipi. Nimejiuliza tangu Jumatatu na moyo haunipi jibu ninaloweza kumwambia mtu. Ninapomfikiria Zuwena nasema chumvi. Ninapokufikiria wewe unavyonawa miguu, nasema kingine.

Kama unamtaka mtoto wako, njia ipo, na ni nyepesi kuliko uliyonipitisha mimi. Mpe jina leo. Usingoje siku ya saba, usimngoje shangazi. Mwite kwa jina mbele ya watu watatu, basi, hakuna maji yatakayomchukua. Ila watakuuliza kwa nini umevunja mila, wewe Pazi uliyekuwa mbele kuishika, na kaka yake Zuwena atauliza kwa sauti kuliko wote. Huwezi kujibu bila kusema vile vitoto vilikuwa vya kwetu. Na ukisema hivyo, Zuwena atajua mwanawe alikuwa mwanawe, na kwamba wewe ulisimama ukutani. Barua hii pia unaweza kumwonyesha, sitakataa mwandiko wangu. Au uichome, uniandalie chumba, Jumamosi unikabidhi mtoto mbele ya watu, na kila mtu aseme Pazi ni mtu wa heshima.

Sitakuuliza umeamua nini. Nikifika nitasikia mnamwitaje.

Nisalimie Bwana Munawar na watu wa nyumba yake. Mwambie Zuwena asinyanyue ndoo wala asikae kwenye sakafu ya baridi, na anywe uji wa pilipili manga mwingi, maziwa yatoke. Huku wote wanakusalimu. Mungu akupe nguvu ya kifua na ya hilo lililo mbele yako.

Ni mimi, shangazi yao,

Mastura