Mke wangu ametolewa damu, sasa wanataka nyingine

Kamwene mama mshauri wa redio, mimi ni Dionis wa hapa Uwemba, nina miaka themanini na mbili, nimewazika kaka zangu wote na mapadre walionifundisha kusoma, na ule mwaka baridi ilipochoma viazi vya majirani, vyangu vilibaki, kwa hiyo nikisema kitu nakijua. Mke wangu Telesia ana ugonjwa wa viungo, vidole vimepinda, daktari wa Njombe alisema kinga ya mwili imegeuka inamshambulia mwenyewe, mimi nikamwambia hapana ni baridi ya huku, lakini vidonge vyake vinasaidia, hilo sikatai. Mwaka jana alilala na homa na maumivu, daktari akaongeza vidonge, akainuka akaenda shamba. Sasa amelala tena anatetemeka, nikampeleka zahanati wakamtoa damu wakasema malaria hana, nikafurahi, damu safi, tukarudi nikamwongezea vidonge mwenyewe kama mwaka jana, na homa yenyewe ni ndogo, nimempima kwa mkono huu, mkono unaojua ng'ombe mgonjwa kabla hajaacha kula.

Binti yangu Judith anayeuza vitenge Makambako amekuja amewaka, anasema daktari kwenye simu anataka mama apelekwe Njombe atolewe damu nyingine, wajue kama ni ugonjwa wake umeamka au ni maambukizi yameingia. Nikamuuliza, mama yako ana damu ngapi, ile waliyochukua ilikuwa ya nani? Akaniita mbishi mbele ya watu, mimi ambaye viazi vikinyauka bwana shamba ananifuata mimi, nakata shina naliweka kwenye glasi ya maji, ukishuka uzi mweupe kama maziwa ni ugonjwa, usiposhuka ni kiu tu, sijakosea hata mara moja. Telesia mwenyewe jana ndio amesema, "Baba Judith, safari hii si ile." Nikamwambia lala.

Mwambie Judith hewani, baba akisema mama hatoki, hatoki. Na kama unadhani naongopa muulize Shadrack wa mashine ya kusaga, na katekista Anthony, wote walikuwepo aliponiita mbishi.

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee Dionis. Barua yako sikuisubirisha zamu. Simu yako haipatikani, kwa hiyo aliye jirani na mzee huyu aende akamwambie awashe redio.

Mkeo unampenda, nimeona. Lakini umekosea, tena pabaya. Zahanati walitafuta malaria, wakaikosa, basi. Hawakusema damu ni safi. Vidonge vyake hutuliza kinga iliyogeuka, na kinga ikitulia vijidudu hupata njia. Vidonge hivyo hivyo huificha homa. Mkono wako umekuta moto mdogo, ndani huenda ni mkubwa.

Ugonjwa wake ukiamka na maambukizi yakiingia, kwa macho vinafanana. Wewe shamba likinyauka hukimbilii kumwagilia, unakata shina kwanza. Kwa Telesia umemwagilia kwanza. Kama ni maambukizi, vidonge ulivyoongeza vinayapa nguvu.

Damu wanayotaka sasa ni ya swali lingine. Na usije ukanisuta baadaye: hakuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi huu. Kipo kinachopanda kwa maambukizi na kwa ugonjwa wenyewe pia. Kipo kinachoelekea zaidi kwenye bakteria. Chembe nyeupe nazo huongezeka hata kwa vidonge tu. Ndiyo maana daktari huviweka pamoja, akapima na mkojo, akasikiliza kifua, akaotesha damu maabara aone kama kuna kinachoota.

Judith, baba hasemwi hivyo mbele ya watu. Ila neno lenyewe lilikuwa la kweli. Na mwenye mwili amesema si ile, mzee, ukamwambia lala.

Usimwongezee kidonge tena, wala usimkatishe ghafla, nako ni hatari. Beba pakiti zote, umwambie daktari ulizidisha kiasi gani, usione haya. Judith atafute gari leo, si baada ya misa ya Jumapili. Huko hospitali mwache Telesia ajieleze mwenyewe.

Ukitaka kubishana, utabishana na mimi akishapona. Sasa hivi ingia chumbani, mvalishe koti, umwambie twende.