Majina Kwenye Mikebe

Shuleni, Kilifi
3 Februari 1986

Shikamoo Baba,

Hujambo? Mimi mzima, ila maharagwe yetu yana wadudu. Taa za bweni zimeniharibia kazi: zinawaka hadi usiku wa manane, majani ya miche hayajui yafunge saa ngapi. Mashindano ya sayansi ni tarehe 7 Machi. Tafadhali nitazamie miche minne ya mikwaju niliyoiacha nyumbani kwenye mikebe. Kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, andika kama majani yamefunga au yamefunguka. Namba usitumie, zinakupiga chenga tangu masomo ya ngumbaru. Ipe mikebe majina ya watoto wa jirani, hutachanganya.

Mwanao,
Nyevu

Kakuyuni
12 Februari 1986

Mwanangu Nyevu,

Marahaba. Hatujambo, mimi na mbuzi. Mikebe nimeiandika kwa mkaa: Charo, Kanze, Jedida, Karisa. Ukwaju nimekula maisha yangu yote, sikujua mti wake unalala! Jua likizama majani yanashikana, alfajiri yanaachana hata kabla ya jua kutoka. Usiku natoka na koroboi, nataja kila jina kwa sauti, maana bila kutamka siwezi kuandika. Juzi Mama Karisa aliniona akakimbilia ndani. Nilicheka sana.

Babako

Shuleni, Kilifi
20 Februari 1986

Shikamoo Baba,

Natumai u mzima. Kurasa ulizotuma nimezipata. Tarehe 14, saa nane usiku, hakuna kitu! Ulilala? Mwalimu anasema daftari lenye pengo halina maana. Nimekuomba jambo moja tu, Baba. Na Mama Karisa kama anaogopa koroboi, afunge dirisha lake.

Mwanao,
Nyevu

Kakuyuni
1 Machi 1986

Mwanangu,

Marahaba. Mwili hauna neno, moyo ndio mgonjwa. Mche wa Karisa ulinyauka, nikaandika, "Karisa hakufunguka." Siku ya tatu Karisa mwenyewe akafa kwa homa. Matangani mamake akasema mbele ya watu kwamba nilikuwa nikimwita mwanawe usiku. Wakaja wazee, wakasoma mikebe. Nimewaambia ni kazi yako ya shule, hawaamini. Ijumaa tarehe 7 wananipeleka kwa mganga nikale papai la kiapo. Mwenye hatia huvimba mdomo. Daftari nimelificha niwaonyeshe siku hiyo. Njoo, mamangu. Wewe umesoma, wakikusikia wataniacha. Naogopa.

Babako

Shuleni, Kilifi
4 Machi 1986

Shikamoo Baba,

Pole kwa msiba. Lakini Ijumaa ndiyo siku ya mashindano, na unajua. Niache kila kitu kwa sababu ya papai? Ni tunda, Baba. Kula, umeze, urudi nyumbani. Daftari mpe dereva wa lori la korosho anayeleta barua hii, nalihitaji lote. Wazee waambie nitawaeleza likizo ya Aprili.

Mwanao,
Nyevu

Shuleni, Kilifi
15 Machi 1986

Shikamoo Baba,

Hujambo? Mbona kimya? Nimekuwa wa kwanza! Nakwenda Mombasa! Majaji walilipenda daftari lako, karibu kila usiku umeandikwa. Ukurasa wa Karisa ndio uliowafurahisha zaidi. Walisema mtu anayeandika hata mche uliokufa hadanganyi.

Mwanao,
Nyevu

Kisumu Ndogo, Malindi
2 Aprili 1986

Nyevu,

Marahaba, na hongera. Barua yako dereva aliniletea huku, kwa Ndirangu fundi wa viatu, ninakolala.

Papai nililila. Mdomo haukuvimba. Nilidhani yamekwisha, nikaomba maji ya kunywa. Mganga akasema basi mkosa ni aliyechagua majina, naye aletwe ale. Mama Karisa akauliza likizo yenu inaanza lini.

Nikasema majina niliyachagua mimi.

Daftari lingekuwepo ningewaonyesha, lakini lilikuwa kwako. Nyumba waliichoma jioni ile ile, na mikebe ndani. Mbuzi walimpa Mama Karisa.

Likizo unaweza kwenda Kakuyuni kwa shangazi yako, hakuna atakayekugusa. Huku usije. Watu wa kwetu wanakuja soko la Malindi kila siku, wakituona pamoja watasema tulishirikiana. Ukinikuta njiani, pita. Usiniamkie.

Ngala wa Thoya