Aliyevuka Mikati na Tai Shingoni

Baba, shikamoo.

Tangu tukuzike zimepita Idi mbili, na leo ndiyo mara ya kwanza nakaa kukuandikia. Niko barazani kwako hapa Usagara. Mama hajambo, mguu tu ndio unamsumbua. Darasa lako la mahujaji amelirithi Kaka Bakari. Usiniulize kwa elimu gani. Alirithi kanzu, akarithi kiti, akadhani na elimu yako imo humo humo.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiwafundisha wanaume kujifunga ihramu, yale mavazi ya hija, uani, kwa mashuka ya kitandani? Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi, nasikiliza. Bakari alikuwa ameshatorokea mpirani. Lakini msafara wa hija ulitaka kiongozi mwanamume, nami nilihitaji maharimu, ndugu wa kiume wa kusafiri naye. Basi nikamfuata yeye asiyejua, ili niruhusiwe kwenda.

Tulikuwa watu kumi na wanane, wengi wazee wa Pongwe na Muheza. Siku ya safari Bakari aliwaambia wanaume wafungashe ihramu kwenye mabegi makubwa, watavaa wakishafika Jidda. Nilimvuta pembeni nikamkumbusha kwamba mikati, ule mpaka wa kuingilia hija, tutaipita angani, na anayekwenda kuhiji haruhusiwi kuivuka kabla ya kuhirimia, yaani kuvaa ihramu na kutia nia. Akacheka. Akasema hayo ni mambo ya zamani, mambo ya Baba. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai. Tai, Baba.

Ndani ya ndege ikatangazwa kwamba imebaki nusu saa tufike mikati. Wazee wakaanza kutazamana. Ihramu zao zilikuwa kwenye mizigo, chini ya miguu yetu, na kiongozi wao anajifanya amelala. Nilimwona kope zikicheza.

Nikasimama. Unajua nilikuwa sijawahi kusema mbele ya wanaume. Lakini maneno yalikuwa yako: ihramu ni nia kwanza, na cha kujifunga ni kitambaa chochote kisichoshonwa. Nikafungua mkoba nikatoa kanga zangu. Wanawake wenzangu wakatoa zao. Zilipoisha tukaomba mablanketi ya ndege. Wanaume wakaenda chooni mmoja mmoja, wakarudi wamejifunga kanga nyekundu, za maua, za korosho.

Mzee Salimu, yule mkulima wa machungwa wa Muheza, alisita. Akaniuliza kama Mungu atampokea na maua yale.

Nikamwambia, "Babu, katazo liko kwenye mshono, si kwenye maua."

Akavua kofia, akatia nia, akaanza talbiya, ule wito wa mahujaji. Safu zetu zote zikaitikia. Nililia, Baba. Ungekuwepo.

Bakari akafumbua macho, akazitazama zile kanga. "Mimi sivai nguo ya mwanamke," akasema, akakaza mkanda wa kiti. Akavuka mikati na tai yake shingoni.

Alihirimia Jidda. Tulipofika Makka shehe mmoja akamweleza kwamba ilimpasa arudi mikati, na maadamu hakurudi, achinje mbuzi awagawie maskini wa pale. Bakari akamshukuru kwa adabu zote. Hakuchinja. Nilimuuliza mara mbili, na ya pili akaniambia nisimfundishe dini.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Ijumaa iliyopita, kwenye hitima yako, alisimama akatangaza kwamba hija ile amekuhijia wewe. Watu wakamwombea dua. Mama akalia kwa furaha, akambusu mkono. Habari ya kanga akaisimulia pia, ila aliyesimama ndani ya ndege, katika maneno yake, ni yeye.

Wewe uliyefundisha miaka yote ile usijaaliwe kufika, ulisema mara ngapi kwamba mtu hamhijii mwingine kabla hajajihijia mwenyewe? Bakari hajawahi kuhiji kabla ya safari hii. Hata uongo wake hakuusomea. Amechagua uongo ambao mwanafunzi wako wa siku ya kwanza angemsahihisha. Mzee Salimu aliinamisha uso pale mkekani, nikajua naye amesikia. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya machozi ya Mama, na kwa hilo najidharau kidogo. Bakari namdharau sana. Sioni haya kukwambia, ingawa ni mwanao.

Jumamosi wanawake wa mtaa watakuja uani kusoma kwangu. Mzee Salimu ameomba aje pia, akae karibu na mlango.

Nami hija niliyoifanya nimejifanyia mwenyewe, kama ulivyofundisha. Sasa naruhusiwa kumhijia mwingine. Nikijaaliwa kwenda tena, nitalitaja jina lako kabla ya mikati, taratibu, bila ya mtu kunisikia. Nikirudi nitakaa na Mama chumbani, nimweleze ni hija ipi iliyo yako.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
Mwanaidi