Mwisho wa Neno la Bolette

Jumatano, 29 Agosti 2018

Tangu Pasaka sijaandika humu hata mstari mmoja. Sina udhuru. Mtu aliyetumia maisha yake kuwagombeza wanafunzi kwa uvivu wa kalamu hawezi kusema alikuwa na shughuli. Naziomba radhi kurasa tupu, na tuendelee.

Tumepanda kaskazini ya kijiji, watu watatu na kayaki tatu: mimi, mdogo wangu Esaja, na binti yake Nivikka. Nivikka anataka kuwaleta wageni huku mwakani, na baba yake anamwonyesha njia — wapi mkondo unageuka, wapi panatulika, siwa lipi la barafu likaribiwe na lipi liogopwe. Mimi nimekuja kwa ajili ya majina ya mahali. Ramani zetu zilichorwa na watu wasiojua sarufi.

Nivikka ana jina la marehemu mama yetu, kwa hiyo mimi na Esaja tunamwita Mama, kama inavyostahili. Leo ametukaripia kwa kumaliza kahawa. "Watoto hawa sijui walilelewa na nani," akasema. Esaja ana miaka sitini na sita. Aliinamisha kichwa kama mtoto kweli.

Bahari shwari. Esaja amepata sili. Tumekula ini likiwa bado na joto. Wakati wa kumchuna alijikata kidole — mkato mdogo, hata hakuusemea.

Alhamisi, 30 Agosti

Upepo wa kusini-magharibi tangu asubuhi. Tulikimbilia ghuba yenye kibanda cha wawindaji, na barafu ikaingia nyuma yetu kama ng'ombe wanaorudi zizini. Sasa imejaa hadi ufukweni. Vipande vimebanana kiasi kwamba kayaki haipenyi, lakini havikushikana kiasi cha kubeba mtu. Si bahari, si nchi kavu.

Nyuma ya kibanda kuna mlima wenye kipito. Nivikka alipanda hadi juu akachungulia ng'ambo. Bahari ya kule iko wazi kabisa, haina hata kipande.

"Nzuri?" baba yake akamwuliza.

"Nzuri sana. Kama chakula cha jirani."

Jina la ghuba limekosewa kwenye ramani, herufi mbili. Nimelisahihisha kwa kalamu.

Ijumaa, 31 Agosti

Kidole kimevimba. Esaja anasema si kitu. Mchana alishindwa kushika kikombe kwa mkono ule, akakihamishia mkono wa pili akidhani hatukuona.

Ni kidole cha sili. Hakuna mwindaji asiyekijua. Mkato mdogo, mafuta ya mnyama yanaingia, halafu uvimbe, halafu homa, halafu kiungo kinakufa, na kisipotibiwa kinachukua mkono. Dawa iko kwa muuguzi kijijini. Sisi tuna bandeji na vidonge vya kichwa.

"Zamani walikikata tu," Esaja akasema.

"Zamani walikuwa na watu wa kuwaundia kayaki," Nivikka akamjibu. "Sisi tuna wewe tu."

Hakuna tena anayeunda kayaki kijijini isipokuwa yeye. Hilo si sifa, ni habari.

Nivikka alikuta nyayo za dubu penye mto. Mbichi. Bunduki tunayo moja.

Jumamosi, 1 Septemba

Niandike kwa uangalifu.

Redio ilikuwa haishiki tangu tuingie ghuba hii. Leo niliipeleka juu ya mwamba. Nivikka alikuwa mtoni akiteka maji, na bunduki alikuwa nayo. Esaja alikuwa amelala kwa homa. Kwa hiyo aliyesikia ni mimi peke yangu.

Nilimpata Bolette, yule wa dukani. Nikamweleza kidole, ghuba, barafu. Akaniambia nisubiri. Baadaye akarudi, sauti ikikatikakatika, akasema hivi: Ulrik amezungumza na Gaba, na amemwambia kwamba upepo ukitulia atakuja kutuchukua. Nikataka arudie. Betri ikafa.

Atakuja nani? Wageni wakisikia lugha yetu hushangaa, lakini jambo lenyewe ni jepesi: kitenzi kina mwisho mmoja ikiwa anayekuja ni yule yule aliyesema, na mwisho mwingine ikiwa anayekuja ni mtu mwingine. Mtoto wa darasa la tatu anajua. Bolette alitumia mwisho wa mtu mwingine. Yaani Ulrik amesema Gaba ndiye atakayekuja.

Ulrik ana boti ya chuma, ipo kijijini, inaweza kuipasua barafu hii hadi mlangoni petu. Gaba yuko kambini na familia yake, upande wa kaskazini wa mlima, na kijiboti chake hakiwezi kuingia huku. Gaba akija, atakuja ufuko wa ng'ambo. Basi tumpitishe Esaja mlimani.

Nimewaambia hivyo. Esaja amekubali. Nivikka hakusema kitu, na mimi namjua: akinyamaza, hajakubali.

Jumapili, 2 Septemba

Tumesali. Nimesoma Injili. Esaja aliimba ubeti mmoja akaacha.

Baada ya sala Nivikka aliniita nje.

"Baba mkubwa, umesema Bolette ametumia mwisho wa mwingine."

"Nimesema."

"Bolette huyu huyu?"

Nikajua anakoelekea. Mwaka jana Bolette alitangaza kwenye redio ya kijiji kwamba Ulrik amerudi kutoka mjini Upernavik pamoja na mke wake — na neno "wake" nalo, ambalo lina miisho hiyo hiyo miwili, akalitia mwisho wa mwingine. Kijiji kizima kikauliza: mke wa nani? Mke wa Ulrik alipikiwa kahawa nyumba tatu ili asimulie yeye ni wa nani. Wengine mpaka leo humsalimu Ulrik, "Mwenye mke hajambo?"

"Amekulia Denmark," Nivikka akasema. "Vijana wote siku hizi wanachanganya. Kwao ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja."

"Kwako, Baba mkubwa."

Nikamwambia kwamba tangu aibu ile Bolette alikuja kwangu jioni nyingi kujifunza. Siku hizi anajichunga. Husimama kidogo kabla ya kumalizia kitenzi, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Na jana alisimama?"

Redio ilikuwa inakatika. Alisimama, au sauti ilikatika.

Tukivuka mlima na ikawa ni Ulrik, atakuta kibanda kitupu. Tunaweza kuacha karatasi mlangoni, lakini ili atufikie ng'ambo itabidi aizunguke rasi yote ile kwenye barafu, na muda wote huo Esaja atakuwa amelala ufuko usio na hata ukuta. Tukibaki na ikawa ni Gaba, atasubiri ng'ambo, ataona hakuna mtu, atarudi kwa watoto wake. Tukigawana, bunduki ni moja, na dubu amepita tena jana nyuma ya kibanda. Esaja leo anaweza kutembea akishikwa. Kesho sijui. Mstari mwekundu umepita kifundo cha mkono.

Nivikka anasema tubaki. Mimi nimesema twende. Upepo bado unavuma, kwa hiyo hakuna aliyeshinda.

Nimejaribu kulala mchana. Kibanda kina dirisha moja na ukilitazama unaona barafu. Ukifumba macho unaisikia, inasagana.

Jumatatu, 3 Septemba

Upepo umetulia.

Niliamka nikasikia kimya. Nikatoka. Barafu imesimama tu mahali pake, haikutoka hata kidogo, lakini moshi wa jiko unapanda wima. Ikiwa mtu anakuja, ameshaanza safari, kutoka kusini au kutoka kaskazini.

Nivikka amemvika baba yake makoti mawili na kumfunga mkono kifuani. Esaja macho yanang'aa vibaya, lakini bado ana mdomo. "Mama, umenifunga kama kifurushi cha posta. Andika na anwani."

"Nikiijua nitaiandika," Nivikka akasema. Akanigeukia. Hakuwa na hasira. "Baba mkubwa, mimi sikusikia redio. Nitafuata neno lako. Ila litamke mara moja kama lilivyotoka kwa Bolette. Lote. Nisikie kwa sikio langu."

Nikalitamka. Polepole, wazi, kama imla.

Nivikka akabaki ananitazama. Esaja kutoka kitandani akasema, "Kaka, Jumamosi hukusema hivyo."

"Nimesemaje?"

"Umesema Ulrik anakuja mwenyewe."

Nikakana. Nikalitamka tena, mara hii kwa mwisho wa mwingine. Likanikaa vizuri mdomoni. Nikarudia la kwanza. Nalo likakaa vizuri. Nimejaribu kuirudisha sauti ya Bolette, na kila mwisho ninaoutia unaitika kwa sauti yake. Sijui tena alisema lipi. Sijui kama alikosea yeye hewani, au nilimsahihisha mimi masikioni mwangu pale mwambani, kama ninavyomsahihisha kila mtu, kabla sijasikia.

Hakuna aliyecheka. Nilitaka wacheke.

"Basi," Esaja akasema, "wewe ndiye mkubwa. Sema tu. Mkono ni wangu, sitakulaumu."

Nikasema wanipe muda wa kunywa kikombe cha maji ya moto. Ndio huu. Nivikka amekaa mlangoni, bunduki magotini. Hatazami barafu wala mlima, ananitazama mimi. Maji yamebaki nusu. Nikishayamaliza nitasimama niseme, kubaki au kwenda, na nikishasema nitaandika hapa ni lipi.